Orodha ya vitabu vya likizo iliyokwama: uchambuzi wa kisa kimoja cha wafanyakazi waliopendekezeana vitabu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha idara moja yenye watu 34 waliotaka kupendekezeana vitabu vya kusoma wakati wa likizo ya kiangazi. Mwaka wa kwanza zoezi lilikwama. Mwaka wa pili lilibadilishwa karibu lote na likafanya kazi, ingawa si kila mahali. Majina ya watu, ya taasisi na ya vitabu vyenyewe yameondolewa, kwa sababu katika ofisi ya ukubwa huo jina la kitabu hutosha kumtambulisha aliyekipendekeza. Vyeo vimebaki pale tu vinapoeleza kwa nini jambo lilikwenda kama lilivyokwenda.

Usuli

Kati ya watu hao 34, kazi ya 25 ni ya mezani na 9 hufanya kazi za zamu. Likizo huchukuliwa kwa makundi matatu, kila kundi wiki tatu, ili idara isibaki tupu. Kwa miaka kadhaa watu watano au sita walikuwa wakiazimana vitabu kimyakimya. Wakati wa chai mmoja angemwambia mwenzake, "Hiki kitakufaa wewe, kina mwendo wa polepole lakini yule mama wa ndani yake utampenda," na kesho yake kitabu kingekuwa juu ya meza. Wengine walikuwa wakisikia na kutamani.

Mtunza kumbukumbu wa idara alijitolea kuwa mratibu ili mduara ule mdogo uwafikie wote. Nia ilikuwa njema na kazi haikuwa na gharama yoyote. Shida ilianza pale mazungumzo ya chai yalipogeuzwa kuwa jedwali.

Mwaka wa kwanza: mambo yalivyofuatana

Wiki tatu kabla ya kundi la kwanza kuondoka, mratibu alifungua jedwali la pamoja lenye safu nne: jina la kitabu, mwandishi, aliyependekeza, maoni. Akalituma kwa barua pepe, na kiungo chake akakiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara.

Mkuu wa idara aliona ujumbe mapema, na kwa kutaka kuwatia moyo wengine akawa wa kwanza kuandika. Aliweka vitabu vinne, vyote vya uongozi na usimamizi wa muda. Katika mistari 11 iliyofuata, 9 ilikuwa ya aina hiyohiyo. Watu waliokuwa wakijulikana kwa kupenda riwaya za upelelezi waliandika vitabu vya kujiendeleza kikazi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Jedwali lilikuwa na jina la kila aliyeandika, na bosi alikuwa akilisoma.

Siku ya nne mfanyakazi mmoja mpenzi mkubwa wa vitabu aliongeza vichwa 19 kwa usiku mmoja. Orodha ikawa ndefu ghafla, na walioingia asubuhi wakijiuliza waanzie wapi waliifunga. Mwisho wa wiki ya pili kulikuwa na vitabu 61 kutoka kwa watu 21. Katika safu ya maoni, mistari 38 ilisema jambo moja kwa maneno tofauti: kizuri sana, lazima usome, hutajuta.

Katika wiki hiyohiyo yalitokea mambo matatu.

La kwanza, mtu mmoja aliweka kwenye kikundi nakala za PDF za vitabu saba, vingi vikiwa vya waandishi walio hai. Alidhani anasaidia. Mratibu alizifuta siku hiyo na kumwandikia faraghani, si mbele ya kikundi. Kuazimisha kitabu chako cha karatasi ni halali, kwa kuwa nakala inabaki ileile moja. Kusambaza faili kwa watu 33 ni kutengeneza nakala 33. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unaweka ulinzi wa kazi ya maandishi kuwa maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika miaka 70. Kwa wanaotaka vitabu vya bure, mratibu aliweka viungo vya vile ambavyo muda wake wa ulinzi umekwisha: Project Gutenberg, iliyoanza 1971, kwa maandishi, na LibriVox, iliyoanza 2005, kwa vitabu vya kusikiliza vinavyosomwa na watu wa kujitolea. Alikumbusha pia kwamba vyanzo hivyo hufuata sheria ya Marekani, kwa hiyo kila mtu aangalie sheria ya alipo.

La pili, mmoja aliandika katika safu ya maoni nani muuaji katika riwaya ya upelelezi. Maoni yalifutwa baada ya saa mbili, lakini waliokuwa wameyasoma walikuwa wameyasoma.

La tatu ndilo zito, na ndilo lililobadilisha sura ya mwaka wa pili. Mfanyakazi mmoja alikuwa amefiwa na mtoto miezi michache nyuma. Mwenzake, kwa upendo kabisa, alimpa riwaya kutoka kwenye orodha akimwambia itamtuliza. Mwenzake huyo alikuwa ameisoma zamani na alichokumbuka ni utulivu wa mandhari yake, kijiji cha kando ya ziwa na mvua. Alisahau kwamba sura ya pili inaanza na mazishi ya mtoto. Kitabu kilirudishwa kesho yake bila neno. Mratibu alilijua jambo hilo baada ya likizo, na akaona kwamba jedwali lake halikuwa na mahali ambapo mtu angeweza kuonywa.

Makundi yote matatu yaliporudi, mratibu aliwauliza watu mmoja mmoja. Kati ya 31 waliojibu, 9 walikuwa wamefungua kitabu chochote kutoka kwenye orodha, na 4 walikuwa wamekimaliza. Wanne hao wote walikuwa wa ule mduara wa zamani wa chai.

Kutafuta chanzo

Mratibu hakukimbilia kulaumu uvivu wa kusoma, na hapo alifanya vizuri. Wengi walikuwa wamesoma kitu wakati wa likizo, ila si kutoka kwenye orodha. Aliwauliza kwa nini, na majibu yalijikusanya katika mafungu manne: sikujua nianzie wapi, nilianza kikanishinda, sikukipata, nilipata kingine chenye jina hilohilo.

Jibu la mwisho linashangaza kwa mara ya kwanza, lakini ni la kawaida. Jina la kitabu kwa kawaida halilindwi na haki ya mwandishi, kwa hiyo vitabu viwili au vitatu vinaweza kulibeba. Mtu mmoja alinunua kitabu kisicho chenyewe. Mwingine alinunua toleo lililofupishwa, akashangaa wenzake wanapozungumzia sura ambayo kwake haikuwepo.

Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za ukutubi za mwaka 1931, aliweka mbili zinazokwenda pamoja: kila msomaji kitabu chake, na kila kitabu msomaji wake. Orodha ya vitabu 61 ilikuwa na vitabu vya kutosha. Haikuwa na lolote la kumwonyesha msomaji kipi ni chake. Mazungumzo ya chai yalikuwa nalo bila mtu kulitambua: "kitakufaa wewe", "kina mwendo wa polepole", "yule mama utampenda". Maneno hayo matatu yanataja msomaji, kasi na kinachoshika moyo. "Kizuri sana" halitaji hata kimoja.

Maamuzi ya mwaka wa pili

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa idadi: kila mtu kitabu kimoja, basi. Mpenzi wa vitabu 19 alilalamika, na malalamiko yake yana haki, lakini kulazimika kuchagua kimoja kunamfanya mtu afikirie kwa nini hicho. Uamuzi wa pili ulihusu majina: mapendekezo yangeonekana bila jina la mwandikaji hadi siku ya kikao cha kuzungumzia vitabu. Wa tatu ulimhusu mkuu wa idara. Mratibu alimwomba aandike wa mwisho, na aweke kitabu alichokisoma kwa raha, kisichohusu kazi. Alikubali, akaweka riwaya ya mapenzi. Jina lake lilipofunuliwa kikaoni chumba kizima kilimgeukia, na watu wawili waliiomba palepale.

Jedwali liliachwa na mahali pake pakawekwa fomu. Maswali yake yalikuwa haya:

1. Jina kamili la kitabu, mwandishi, mfasiri kama yupo, na ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu) ya nakala uliyoisoma.
2. Kina kurasa ngapi, kilikuchukua saa ngapi, na ulikisomea wapi?
3. Nini kilikushika zaidi: kisa, watu, mahali au lugha? Chagua kimoja.
4. Ulisoma kurasa ngapi kabla hakijakushika?
5. Nani hatakipenda?
6. Kuna jambo zito ndani ambalo msomaji angependa kulijua mapema? Taja jambo, usitaje linampata nani.
7. Una nakala ya kuazimisha?

Swali la ISBN liliondoa mkanganyiko wa majina. Namba hiyo ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979. Vitabu vingi vilivyochapishwa kabla ya 2007 huwa na tarakimu 10. Toleo la jalada gumu, la jalada laini, la kielektroniki na la tafsiri kila moja lina namba yake, kwa hiyo anayetafuta kwa namba hupata kilekile.

Swali la saa lina faida kuliko la kurasa peke yake, kwa sababu kurasa 300 za maandishi makubwa na kurasa 300 za maandishi ya kubanana ni safari mbili tofauti. Waliotaka kujipima walielekezwa hivi: soma kwa dakika 15 bila kukimbia, hesabu kurasa, zidisha kwa nne. Aliyesoma kurasa 9 anakwenda 36 kwa saa. Kitabu cha kurasa 324 kitamchukua saa 9. Kipimo hiki ni bora kuliko namba za maneno kwa dakika zinazozunguka mitandaoni, ambazo nyingi zimepimwa kwa Kiingereza. Neno moja la Kiswahili kama "hawakunisomea" hubeba kazi ya maneno matano au sita ya Kiingereza, kwa hiyo hesabu hizo hazihamishiki. Kwa vitabu vya kusikiliza hakuna haja ya kukadiria, muda umeandikwa, na msikilizaji anahitaji tu kuulinganisha na safari zake.

Swali la tatu limetoka kwa mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, anayefundisha kwamba msomaji huingia kitabuni kupitia mlango mmoja kati ya minne: kisa, wahusika, mahali na lugha. Faida yake ni kwamba linavuka aina za vitabu. Anayependa riwaya ya upelelezi kwa sababu ya mji ulioelezwa vizuri anaweza kufurahia kitabu cha safari kuliko riwaya nyingine ya upelelezi.

Pearl ndiye pia mwenye kanuni ya kurasa 50, ambayo mratibu aliibandika juu ya fomu: soma kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukiwa umepita umri wa miaka 50, toa umri wako katika 100, na jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 62 anadaiwa 38. Watu walihitaji ruhusa hiyo kuliko ilivyotarajiwa. Baadhi yao walikuwa wamepoteza likizo nzima ya mwaka uliotangulia na kitabu kimoja kilichowashinda, wakiona aibu kukiacha kwa kuwa mwenzao alikisifu.

Tazama tofauti kwa karibu. Riwaya moja ilikuwepo miaka yote miwili. Mwaka wa kwanza mstari wake ulisema: "Kizuri sana, lazima msome wote!!" Hakuna aliyeichukua. Mwaka wa pili mtu yuleyule aliandika:

"Kurasa 412, saa 11, usiku watoto wakishalala. Watu: dada wawili waliogombana na wanaishi nyumba moja. Kurasa 60 za mwanzo ni ngumu, majina ni mengi, yaandike kwenye karatasi. Asiyependa mwisho ulioachwa wazi asiguse. Kuna ugonjwa wa muda mrefu na kifo cha mzazi. Ninayo nakala moja."

Watu sita waliiomba.

Mbali na fomu, mratibu alimuuliza kila anayetaka kitabu swali moja: kipi cha mwisho ulichokimaliza kwa raha, na uliishia wapi ulipokosa usingizi? Hakuuliza "unapenda vitabu vya aina gani", kwa sababu jibu la swali hilo mara nyingi ni lile mtu anadhani linampasa. Kutokana na majibu, alimpa kila mmoja vitabu viwili vya kuchagua. Vitatu vilijaribiwa kwa watu wa kwanza, na watu walirudi kuuliza kipi kianze.

Kikao cha dakika 40 kilifanyika wiki moja kabla ya kundi la kwanza kuondoka. Kila msemaji alipewa sekunde 90, na kanuni moja: usipite robo ya kwanza ya kitabu.

Matokeo

Fomu 26 zilijazwa. Watu 20 walichukua kitabu. 13 walikimaliza, 4 walikiacha kwa kufuata kanuni ya kurasa 50, na 3 hawakuanza. Kati ya wanne walioacha, wawili walirudi kwa mratibu kuomba kingine ndani ya likizo yao hiyohiyo. Mwaka wa kwanza hakuna aliyerudi kuomba.

Yule aliyefiwa alichukua kitabu baada ya kusoma majibu ya swali la sita ya fomu zote, moja baada ya nyingine, akiwa peke yake. Alichagua kitabu cha ndege wa majini chenye picha nyingi.

Kilichofaa, kilichoharibika

Swali la tano, "nani hatakipenda", ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote. Anayependekeza huona vigumu kukisema vibaya kitabu anachokipenda, lakini akiulizwa hivi hasemi ubaya wa kitabu, anasema mpaka wake. Msomaji naye huamini sifa zaidi anapoona mpaka umewekwa. Fomu tatu ziliandika "kila mtu atakipenda", na vitabu vyote vitatu havikuchukuliwa.

Kuficha majina kulisaidia kwa sehemu tu. Katika idara ya watu 34 mwandiko wa mawazo hutambulika, na baadhi ya fomu zilijulikana ni za nani kabla ya kikao. Hata hivyo shinikizo la jina la bosi mstari wa kwanza lilitoweka, na vitabu vya kujiendeleza vilishuka hadi vitatu. Vitatu hivyo vilipendekezwa na watu wanaovipenda kweli, na vilipata wasomaji.

Swali la tatu liliharibika kwa njia ambayo mratibu angeweza kuitabiri. Neno "lugha" lilieleweka kuwa lugha iliyotumika kuandika kitabu. Watu wanane waliandika "Kiswahili" au "Kiingereza". Ilibidi awafuate mmoja mmoja. Maneno yaliyotumika baadaye ni haya: "Ulisimama ukarudia sentensi kwa utamu wake?" Nayo "mahali" yaligongana na "ulikisomea wapi" ya swali la pili, mmoja alijibu "kochini" mara mbili.

Kuazimana kulikuwa na hesabu ambayo haikufanywa mapema. Nakala moja na makundi matatu ya wiki tatu maana yake ni wasomaji watatu kwa kiangazi kizima, mradi kila kundi lirudishe kwa wakati. Riwaya ya dada wawili iliombwa na sita; watatu walikosa, na mmoja wao aliambiwa siku ya kuondoka. Foleni ingepaswa kufungwa kwa watatu tangu mwanzo na wengine wapewe ISBN watafute wenyewe. Vitabu viwili havikurudi. Daftari la kuazima lilikuwa na jina la aliyechukua bila tarehe ya kurudisha, na daftari la aina hiyo halimdai mtu.

Kikao kilizidi muda. Watu 26 kwa sekunde 90 ni dakika 39 kama hakuna hata mmoja anayepumua katikati. Kilimalizika baada ya dakika 65, na watano wa mwisho walizungumza huku watu wakikusanya vitu vyao. Kikao cha watu 12, wengine wakibaki kwenye fomu, kingetosha.

Kosa kubwa la mwaka wa pili lilikuwa kwa watu wa zamu. Kikao kilifanyika mchana, fomu ilijazwa kwa kompyuta, na kati ya 9 wa zamu ni 2 tu waliojaza. Watu wa zamu ndio wenye saa ndefu za kukesha, na wawili hao walikuwa wasomaji wakubwa kuliko wengi wa mezani. Mwaka wa tatu fomu ilichapishwa kwenye karatasi ya rangi, ikabandikwa kando ya ratiba ya zamu pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Saba kati ya tisa walijaza, na mmoja wao aliandika katika swali la pili: "Saa 14, zamu nne za usiku, taa ya korido."